Namba Nne za Sauti ya Hibo

Wakiuru aligeuza kigurudumu kidogo tu, kisha akaondoa kidole na kungoja. Kwenye kioo cha kompyuta namba nne zilisogea kwa pamoja. Ya kwanza ilishuka, ya pili na ya tatu zikapanda, ya nne ikazama zaidi chini ya sifuri. Halafu sauti ikaanza tena kutoka mwanzo: mvumo mrefu wa utepe wa zamani na, mbali sana ndani ya mvumo huo, mwanamke anayeimba.

"Amekuja karibu," Bisharo alisema. Alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda iliyogeuzwa, hedifoni zikiwa juu ya mtandio wake. "Wallahi amekuja karibu. Kama mtu ametoka chumba cha nyuma akaingia cha mbele."

"Usiseme bado. Sikiliza mpaka ubeti uishe."

"Mama Luke," Bisharo alimwita kwa jina la mwanawe, "wewe unaweza kungoja chai ichemke mpaka sufuria itoboke."

Wakiuru alicheka bila kutoa sauti, asiharibu usikivu wa mwenzake, akagusa tena kigurudumu.

Kilitoka kwenye redio ya mfukoni iliyokufa zamani. Alikuwa amekiunganisha na kompyuta kwa nyaya na kibao kidogo cha umeme, kwa sababu hakupenda kuandika kwa tarakimu pembe ya chujio la sauti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayebisha milango ya nyumba asizozijua. Alitaka kuitafuta sauti jinsi watu walivyotafuta stesheni hapo zamani, kwa kusogea polepole, sikio likitangulia mkono.

Duka lake liko nyuma ya soko la miraa. Hutengeneza simu, redio, na spika za misikiti na za makanisa. Mambo ya vichujio vya sauti alijifundisha mwenyewe kwa video na vitabu vya bure, akiusoma ukurasa uleule mpaka ukubali kufunguka. Hakuna aliyekuwepo kumwambia kwamba ni vigumu, basi akaendelea.

Kaseti aliletewa na Bisharo, ambaye huuza maziwa ya ngamia na kuyapakia kwenye basi la Nairobi kila asubuhi. Sauti iliyokuwa ndani yake ni ya mama yake, Hibo, aliyefariki Bisharo akiwa bado ananyonya. Wakati huo baba yake, Mzee Kulmiye, alikuwa dereva wa lori huko Mandera, na watu wao hawakuandikiana barua, walitumiana kaseti. Mtu alikaa mbele ya redio, akasalimu, akaeleza habari za mvua na mifugo, kisha kaseti ikakabidhiwa dereva anayeelekea upande huo. Hibo aliona haya kuzungumza na mashine. Aliiwasha tu, akaiweka mlangoni mwa nyumba yao kule Garbatulla, akaendelea na shughuli zake huku akiimba.

Sasa Mzee Kulmiye alikuwa akipoteza masikio. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga. La kulia, daktari alisema, lilikuwa likifunga kuanzia sauti za juu: kwanza ndege, kisha watoto, kisha wanawake, kisha kila mtu. Hakusema lini. Bisharo alitaka jambo moja tu, baba yake amsikie Hibo kabla sikio hilo halijafika kwenye sauti za wanawake. Kaseti yenyewe, kama ilivyokuwa, haikumfaa mzee. Mvumo ulikuwa mwingi kuliko mtu.

Njia ya kuutoa mvumo huo Wakiuru aliwahi kumweleza Bisharo kwa punje za maharagwe juu ya meza. Sauti ikiingia kwenye kompyuta huwa safu ndefu ya namba. Unachukua nne za mwanzo, unazidisha kila moja na namba yake ya chujio, unajumlisha. Unaruka hatua mbili, unafanya vilevile, mpaka safu iishe. Unachopata ni sauti ileile, laini zaidi, na fupi kwa nusu. Kisha unazipanga namba zilezile nne kinyumenyume, mbili kati yake unazibadilisha alama, unapita tena tangu mwanzo. Safari hii unapata yote yaliyoachwa: mikwaruzo, ncha, mishtuko. Ukiziunganisha nusu hizo mbili, unarudishiwa sauti nzima, hakuna tone lililomwagika.

Lakini si namba zozote nne zinazoweza kazi hiyo. Kila moja ikizidishwa kwa yenyewe na zote zikajumlishwa, lazima zifike moja kamili. Ukizisogeza hatua mbili na kuzizidisha na zile zilizobaki mahali pake, lazima upate sifuri. Pia kuna sharti la jumla yake. Ukishayatii masharti yote, uhuru unaobaki ni wa pembe moja tu. Igeuze, na namba zote nne zinageuka pamoja, zikiwa bado zimeshikana mikono. Vitabu hupenda digrii sitini. Wakiuru alianzia hapo kwa heshima, kisha akaanza kuteremka, kwa sababu Hibo hakuwa ameviimbia vitabu.

Alichokuwa akitafuta ni ile pembe ambapo sauti ya Hibo ingejikusanya katika namba chache kubwa. Mvumo wa utepe haujikusanyi kamwe. Ugeuze upendavyo, utatawanyika kila mahali sawasawa, kama vumbi. Ukiipata pembe ambapo mwimbaji amesimama na vumbi limelala, unazifuta namba ndogo zote, na anayebaki ni mwimbaji.

Kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Akipita sokoni alisikia kila kitu kimegawanyika mara mbili: mbuzi alilia, na chini ya kilio kulikuwa na mstari mrefu laini, na juu yake vumbi la meno na ulimi. Pikipiki ilipita, mstari na vumbi. Akiwa amefumba macho kanisani alisikia wimbo ukishuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi nusu ya iliyotangulia, mpaka chini kabisa kukabaki namba moja peke yake, imekaa gizani, ikiwa na uzito wa wimbo wote. Alitamani kumuuliza mtu kama naye huisikia. Hakujua amuulize nani.

"Hapo," alisema sasa, akaondoa mkono.

Sauti ilitoka safi, bila upepo. Ilikuwa sauti ya msichana zaidi kuliko ya mama, nyembamba, ikipanda bila haraka na kushuka bila kuchoka. Bisharo alishika hedifoni kwa mikono miwili. Alikuwa sasa mkubwa kuliko huyo aliyekuwa akiimba, na jambo hilo lilionekana kumpitia usoni kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya bati.

"Na ile shwaa-shwaa imeisha kabisa," alisema baadaye, akijifuta pua. "Alhamdulillahi. Hiyo kitu ilikuwa inaniuma kichwa."

Shwaa-shwaa hiyo ilikuwa kwenye kaseti tangu mwanzo hadi mwisho, kama nguo inayosuuzwa kwenye beseni. Wote wawili walikubaliana kwamba ni ubovu wa redio iliyorekodi, labda mkanda wake ulikuwa ukisugua mahali. Katika pembe hii mpya ilianguka yote upande wa mikwaruzo, na Wakiuru akaifuta kwa mara moja. Kulikuwa pia na mahali ambapo wimbo ulikatika na kubaki mvumo mtupu. Pale aliona utepe umekufa, akakata, akaunganisha pande mbili vizuri sana hata mshono haukusikika.

Mzee Kulmiye alifika baada ya sala ya alasiri, akitembea taratibu na fimbo yake.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Mzee. Karibu. Kaa hapa, hii kiti haina msumari."

"Ile ya juzi ilikuwa nayo. Kikoi changu bado kinakumbuka."

Bisharo alimvisha hedifoni mwenyewe, akaisogeza ile ya kulia ikae sawasawa. Wakiuru alibonyeza. Wote wawili wakamtazama usoni, kisha wakaona aibu, wakatazama meza.

Mzee alisikiliza kwa adabu. Kichwa kiliinama kidogo upande wa kulia. Wimbo ulipokwisha alivua hedifoni, akazilaza mapajani kama kofia.

"Nzuri," alisema. "Anaimba vizuri. Huyu ni msichana wa nani?"

Lori la Moyale likapita barabarani, na bisibisi zikatetemeka ndani ya mkebe.

"Aabo," Bisharo alimwita baba yake, akiinamia sikio la kulia. "Ni Hooyo, mama yangu. Ni Hibo."

Mzee alimtazama binti yake bila hasira. "Hapana. Huyu amekaa bure. Hibo hajawahi kuimba mikono ikiwa imekaa."

"Ni yeye. Ni kaseti yako mwenyewe!"

"Kaseti ni yangu. Huyu simjui."

Bisharo aliinuka, akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo. "Imefika," alisema. "Sikio limefika kwa wanawake. Tumechelewa, Mama Luke."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Hamjui. Umesikia mwenyewe amesema hamjui."

"Nimesikia. Amesema amekaa bure. Hajasema hasikii." Wakiuru alivuta kreti ya soda, akaketi mbele ya mzee magoti yakikaribiana, akashusha sauti yake chini kwa sababu huko chini sikio lilikuwa bado wazi. "Mzee, huyu unayemjua wewe. Akiimba, alikuwa anafanya nini?"

"Anasukasuka maziwa. Nini kingine?"

Akaweka fimbo chini. Mikono yake miwili ilishuka mapajani, ikashika kitu ambacho hakikuwepo, kitu cha mviringo chenye uzito, na kuanza kukibembeleza, mbele, nyuma, mbele. Wakiuru aliwahi kuona vyombo hivyo katika nyumba za Wasomali, vile vya mizizi iliyosukwa vinavyonuka moshi mtamu. Haan, huviita.

"Shwaa," Mzee alisema kwa mdomo. "Shwaa. Maneno yanangoja maziwa. Maziwa yakigonga huku, neno linatoka. Yakigonga huku, lingine. Bila maziwa, huo si wimbo. Ni mtu anajisemea."

Bisharo alikuwa amegeuka. "Ile ilikuwa maziwa?"

"Wewe unauza ya ngamia," baba yake alimwambia. "Ya ngamia hayatoi siagi, hakuna anayeyasukasuka. Ungejulia wapi?"

"Na mimi nilikuta siagi tayari iko kwa mkebe," Wakiuru alisema.

Mzee alicheka, na kicheko hicho kilimpa Wakiuru nafasi ya kupumua. Hakuwa amefuta chochote cha asili. Kila hatua aliihifadhi kando, na kaseti nzima ilikuwepo kama ilivyoingia. Aliicheza hiyo kwanza. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa. "Upepo," alisema. Kwa sikio lake vyote vitatu, mvumo, maziwa na mwanamke, vilikuwa kitu kimoja.

Wakiuru alikaa akitazama namba zake nne. Alizipenda. Zilikuwa zimemkusanya mwimbaji vizuri, lakini pembe moja humtazama mtu mmoja, na maziwa yalikuwa mtu wa pili. Alihitaji chujio refu zaidi, la namba sita. Kwa masharti yaleyale, namba sita huacha pembe mbili huru. Alifungua droo ya redio zilizokufa, akapata kigurudumu kingine, akawasha chuma cha kulehemu. Moshi mdogo ukapanda.

Tatizo lilikuwa jingine. Ili atafute pembe zinazoyakusanya maziwa, ilibidi ajue kila shwaa imeangukia wapi, na nyingi zilikuwa zimezama ndani ya mvumo.

"Mzee," alisema, "nikikuchezea ule wimbo msafi, unaweza kusukasuka?"

"Na chombo kisichokuwepo?"

"Kama ulivyofanya sasa hivi."

"Watu wakipita watasema Kulmiye amepata mtoto uzeeni, anambembeleza."

"Waseme, Aabo," Bisharo alisema. Alikuwa tayari ameketi mbele ya kompyuta. Wakiuru alimwonyesha kitufe cha kubonyeza kila mikono ya mzee ikishuka, na kompyuta ingeweka alama mahali hapo.

Basi wakafanya hivyo. Jua la jioni liliingia kwa mlango likafika hadi magotini mwa mzee. Alifumba macho, hedifoni kichwani, na mikono ikaanza. Haikuwa mikono ya mtu anayekumbuka kwa shida. Ilikwenda kama inayovutwa na kitu kilichokuwa upande wa pili wa chumba. Bisharo alibonyeza, akabonyeza, naye pia baada ya muda akawa anayumba kidogo. Wakiuru, asiyesikia wimbo, aliuona tu: watu wawili wakielea polepole kwenye hewa ya manjano yenye vumbi, na alama ndogo nyekundu zikijipanga kwenye kioo moja baada ya moja.

Halafu mikono ikasimama.

Kidole cha Bisharo kikabaki hewani. Kwenye kioo wimbo ulikuwa bado unakwenda. Uso wa mzee ukakunjamana, akafumbua macho.

"Umemruka," alimwambia Wakiuru.

"Nani, Mzee?"

"Hibo. Hapa anafungua chombo, hewa itoke. Maziwa yakisukwa sana yanajaa hewa, lazima ufungue. Hapa ananyamaza. Wewe umemfanya aendelee." Akanyoosha kidole kuelekea kompyuta, kwa upole, kama anayemwonyesha mtu njia. "Na akifungua, hapo ndipo ananisemesha."

"Anakusemesha?"

"Aliona haya ya mashine. Wimbo ni wa maziwa. Lakini akifungua anainama, anasema polepole, mashine isisikie. Nilikuwa nikisimamisha lori njiani ili nisikie hapo."

Bisharo alimgeukia Wakiuru. Wakiuru akakumbuka. Ule utepe uliokufa. Ule mshono wake mzuri. Hakueleza mengi. Alisema, "Nilikata hapo. Nilidhani ni ubovu. Bado papo," akarudisha kipande kile mahali pake, kati ya neno na neno, na pengo likafunguka tena kwenye wimbo.

Mwanzoni lilikuwa mvumo mtupu. Alifungulia spika ndogo ya mezani, akaweka kidole cha kushoto kwenye kigurudumu kimoja na cha kulia kwenye kingine. Namba sita zilitembea. Kwa alama ambazo mikono ya mzee ilikwisha kuziweka, kompyuta ilimwambia alipokaribia na alipopotea. Alipogeuza cha kulia peke yake, maziwa yalitokea na mwimbaji akafifia kama anayeingia ndani ya nyumba. Alipogeuza cha kushoto, mwimbaji alirudi, maziwa yakatoweka. Alivigeuza vyote viwili pamoja, kimoja kwenda, kimoja kurudi, na kwa kitambo kidogo walikuwepo wote, mwanamke na chombo chake, neno na pigo. Pengo lilipofika, mvumo ukakonda. Ndani yake kulikuwa na kitu: pumzi ya hewa iliyotoka, kisha vilima viwili vitatu vidogo vya sauti, vya chini, ambavyo havikuwa maziwa. Kisha vidole vyake vikapita, na vilima vikazama.

"Nimesikia!" Bisharo alisema. "Rudi, rudi. Amesema kitu. Aabo, anasema nini hapo?"

"Sisemi."

"Aabo!"

"Nikisema, huyu mama atageuza mashine yake mpaka iseme maneno yangu. Yangu ninayo. Nataka yake."

Bisharo alimwangalia Wakiuru apate msaada, akaukosa. "Mzee amesema kweli," Wakiuru alisema. "Nikijua ninachotafuta, nitakisikia hata kama hakipo. Usituambie."

"Nyinyi wawili mmepatana kunitesa."

"Binti yangu, mimi nimengoja zaidi yako."

Wakiuru alimchezea mzee kipande kile kifupi, cha kabla ya pengo, ambapo maziwa na mwimbaji walikuwa wamekutana kwa shida. Bado kulikuwa na mvumo, na mapigo mengine yalikosekana. Mzee alisikiliza akiwa ameshika hedifoni ya kulia kwa kiganja. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala gotini, ulijiinua kidogo ukarudi chini. Ukajiinua tena.

"Huyu," alisema, "huyu sasa anaanza kufanana."

Bisharo alichutama kando ya kiti. Akaushika ule mkono, si kuuzuia, bali kwenda nao.

Adhana ya magharibi ilianza upande wa soko la mifugo, na msikiti wa karibu ukafuatia. Mzee hakuisikia, Bisharo alimgusa bega, naye akaelewa, akatafuta fimbo. Ubeti wa kwanza tu ndio uliokuwa na alama, na ule ulikuwa wimbo wa beti nyingi.

"Kesho baada ya alasiri," Mzee alisema. "Nitakuja na mikono yangu."

"Na sikio?" Bisharo alimuuliza. Alitaka kuuliza kama mzaha, lakini haukutoka hivyo.

"Nitalala likiwa juu, lisilaliwe."

Walitoka, mmoja ameshika kiwiko cha mwingine, wakipita kati ya wanawake waliokuwa wakifunika miraa yao kwa majani ya mgomba. Wakiuru alibaki na vigurudumu viwili. Aligeuza cha kulia kidogo mno, akasikiliza pengo, akakirudisha. Aligeuza cha kushoto. Pumzi ilikuwepo, vilima havikuwepo, au vilikuwepo na yeye alikuwa amechoka. Hakutaka kuamua akiwa hivyo. Alikata vipande viwili vya karatasi ya gundi, akavibandika juu ya vigurudumu visisogee usiku, akahifadhi namba sita kama zilivyokuwa, na pengo likibaki wazi katikati ya kioo akaizima kompyuta na kwenda kufunga mlango.